Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni: Usituzimie mjadala wa Skyler

Ndugu Afisa Utamaduni,

Yah: Kibanda changu na ugomvi wa Jumamosi

Barua yako nimeipokea. Inanitaka ndani ya siku 14 niache kuonyesha sizoni, yaani tamthilia za mfululizo, za uhalifu kwenye kibanda umiza changu, banda langu la kuonyeshea video, kwa kuwa zinachochea vurugu kwa vijana. Nimeisoma, nikampa na binti yangu aisome, tukakubaliana nikujibu hadharani, maana jambo lenyewe ni la watu wengi, na wengi wao usiku huu wako ziwani, hawawezi kuja ofisini kwako kujieleza.

Ni kweli watu walipigana. Benchi langu la mbele limevunjika, na kijana mmoja ameshonwa nyuzi nne juu ya jicho. Hayo siyakatai. Lakini chanzo ulichoelezwa sicho. Hakuna kijana aliyetoka kwangu akitaka kupika dawa za kulevya. Waligombana juu ya mke wa mtu ndani ya sizoni, Skyler White, na juu ya sentensi moja iliyotafsiriwa kinyume.

Kibanda changu kiko hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na wateja wangu wakubwa ni wavuvi wa dagaa. Wewe ni mtu wa Mwanza, unajua dagaa anavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, na vijana wanabaki nchi kavu na muda mwingi mkononi. Kuna wanaoumalizia kwenye pombe. Wengine wanakuja kwangu na mia tano zao. Kukiwa na mpira tunaweka mpira, usipokuwepo tunaweka sizoni iliyotafsiriwa. Mbalamwezi tatu mfululizo tumekuwa na Breaking Bad, ile ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2008 hadi 2013, vipande 62.

Kama hujaiona: Walter White ni mwalimu wa kemia katika mji wa Albuquerque. Anaambiwa ana saratani ya mapafu. Mkewe Skyler ni mjamzito, na mtoto wao wa kwanza ana ulemavu. Walter anaanza kupika dawa za kulevya na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, akisema anataka kuiachia familia fedha. Mkewe hamwambii. Anaaga uongo, anarudi na uongo, anatembea na simu ya pili. Siku anachomwa sindano ya usingizi ili apasuliwe, Skyler anamuuliza kama simu yake ameileta, naye kwa ulevi wa dawa anajibu kwa kuuliza: ipi? Hapo akina mama wanaosimama mlangoni kwangu na mabeseni yao ya dagaa waliguna kwa pamoja. Ndani, wanaume walikaa kimya.

Kibandani, ndugu Afisa, kila sinema ina steringi na ina adui. Tumekua hivyo. Steringi akishapatikana, makosa yake yote yanasamehewa, na anayesimama mbele yake ndiye mbaya. Vijana walimchukua Walter kuwa steringi tangu siku ya kwanza, mwalimu maskini, mgonjwa, aliyedharauliwa, na kwa kweli hata mimi nilimhurumia. Basi aliyemuuliza ulikuwa wapi, fedha hizi zimetoka wapi, akawa adui. Walter anaua, anampa mtoto wa watu sumu, wanasema analinda familia. Skyler akivuta sigara akiwa na mimba, kibanda kizima kinapiga kelele kwamba hafai kuwa mama.

Mtafsiri naye aliongeza kuni. Anafanya sauti zote peke yake, na ya Skyler anaibana puani. Mama huyu akisema maneno matano, yeye anatuletea kumi, na ndani yake lazima kuwe na mkosi au kisirani. Kuna kipande Walter anatimiza miaka 51. Wamekaa mezani na shemeji yao Hank, askari wa dawa za kulevya, na mkewe. Walter anahutubia habari za maisha yake. Skyler anainuka taratibu, anatembea hadi kwenye bwawa la kuogelea, anaingia na nguo zake, anazama. Hasemi neno. Mtafsiri akamwekea la kwake, kwamba anatafuta kuonewa huruma. Nami nilikuwa nimemtazama usoni: ni mtu aliyekosa mlango wa kutokea. Baadaye chumbani anamwambia mumewe kwamba hana njia, kwamba anachongoja ni saratani irudi. Fundi wa injini za mitumbwi, mtu mzima mwenye wajukuu, alitoka nje akakaa peke yake hadi kipande kikaisha.

Kuanzia siku ile kibanda kiligawanyika. Mvuvi akimenya muhogo asubuhi anaulizwa, wewe ni wa Walter au wa Skyler? Wa Walter walikuwa na hoja zao, na baadhi zina uzito. Skyler alitembea na bosi wake, Ted, akaja kumtamkia mumewe hivyo jikoni. Sitamtetea kwa hilo. Akampa Ted mamia ya maelfu ya dola alipe deni la kodi. Akaingia mwenyewe kusafisha fedha kwa kununua sehemu ya kuosha magari. Mwishoni akamkata Walter kisu mkononi. Lakini wanamwita msaliti, na hapo ndipo ninapowakatalia mpaka kesho. Hank alipojua ukweli alimkalisha Skyler mgahawani, akamwomba aseme yote. Hakusema. Alitoka pale bila kumfichua mumewe. Msaliti gani huyo?

Sasa Jumamosi. Kilikuwa kipande cha mwisho. Walter amerudi kwa kujificha, anamwona Skyler katika kinyumba alichohamia. Anaanza kusema kuhusu yote aliyoyatenda, na Skyler anamkatiza: asimwambie tena kwamba alifanya kwa ajili ya familia. Walter anajibu. Mtafsiri akatuambia, "Nilifanya yote kwa ajili yako na watoto." Wanaume wakapiga makofi, wengine wakasimama. Binti yangu, anayesoma chuo na Kiingereza anakielewa, akasema kwa sauti kutoka mlangoni: "Hakusema hivyo."

Nikasimamisha. Nikarudisha. Tukasikiliza mara tatu, sauti ya mtafsiri tukiwa tumeizima. Walter anasema alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwamba alipenda, kwamba aliiweza kazi ile. Yaani steringi mwenyewe, kwa mdomo wake, alimpa Skyler haki, na sisi tulikuwa tumefichwa. Fundi wa injini akasema, "Mnaona? Miezi mitatu mnamtukana mama wa watu." Kijana mmoja akamjibu kwamba yeye anatawaliwa na mkewe. Mkono ukafuata neno, benchi likafuata mkono. Ugomvi haukumaliza dakika tano. Fundi mwenyewe ndiye aliyempeleka yule kijana hospitali, na gharama alilipa yeye.

Nikueleze pia kwa nini jambo hili linanikaa rohoni. Mwaka 2006 marehemu mume wangu alikuwa anavua kwa kokoro, nyavu zilizokatazwa, usiku, na kuuza sangara wachanga ambao hawajafika sentimita 50. Fedha zilikuwa zinaingia ndani zikinuka samaki, nami nazikunja na kuzificha kwenye gunia la dagaa. Nilimsihi aache. Nilimsihi mbele ya dada yake. Doria ilipokuja, ikachukua nyavu na kuzichoma pale pale ufukweni, watu wakakumbuka kwamba nilikuwa nalalamika, wakasema mimi ndiye niliyempeleka. Sikumpeleka. Nilikula zile fedha na nikanyamaza, hiyo ndiyo dhambi yangu. Mume wangu alifariki miaka michache baadaye bila kuniambia kama aliwaamini wao au mimi. Kwa hiyo vijana wakimzomea Skyler kibandani kwangu, najua wanaongea na nani.

Wala si sisi peke yetu. Binti yangu amenisomea kwamba Anna Gunn, mwigizaji aliyecheza nafasi hiyo, aliandika katika gazeti la New York Times Agosti 2013 akieleza jinsi chuki ya watazamaji dhidi ya Skyler ilivyovuka ikamfikia yeye mwenyewe, hadi mtu akaandika akiuliza ampate wapi amuue. Aliona kwamba watu wengi hawawezi kumvumilia mke asiyekubali kunyamaza na kuvumilia. Mwaka huohuo alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, kwa nafasi hiyohiyo, na mwaka uliofuata akapata tena.

Ndugu Afisa, nina miaka mingi mwaloni. Sijawahi kuona wanaume wakikaa mbalamwezi tatu wakibishana kama mke ana haki ya kujua fedha ya nyumbani imetoka wapi. Kwenye vikao vya harusi hawalisemi. Baada ya kipande cha bwawa, kijana mmoja aliniuliza pembeni kama mkewe anaweza kuwa anajisikia vile siku anapokaa kambini mwezi mzima bila kupiga simu. Hiki ndicho barua yako inachokwenda kukizima.

Watoto nakubaliana nawe moja kwa moja. Niliwaacha wakae mbele kwa sababu hawasumbui, na nilikosea. Kuanzia wiki hii aliye chini ya miaka 18 haingii kwenye sizoni ya namna hii. Lakini kama unataka kusafisha, waangalieni watafsiri. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ndiyo iliyoiweka Bodi ya Filamu, nawe una njia ya kuwafikia kuliko mimi. Waambie kuna watu wanabadilisha maneno ya filamu kinyume kabisa, na sisi tusiojua Kiingereza tunapigana juu ya kitu ambacho hakikusemwa.

Siku zako 14 zinaishia mbalamwezi inapoanza. Naomba uzisogeze. Usiku wa kwanza tutarudia kile kipande cha mwisho bila mtafsiri. Binti yangu atakuwa anasimamisha na kueleza, na akina mama wa mabeseni watakaa ndani, bila kiingilio. Fundi wa injini na yule kijana wa nyuzi nne wameniahidi kuja wote wawili. Benchi jipya limekamilika jana. Tunaanza saa moja jioni, na ukiniarifu nitakutunzia nafasi mbele.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa kibanda cha mwaloni, Mwanza