Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Wenye Nyumba za Wageni wa Muda Mfupi, Mtwara na Lindi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025. Mapato na matumizi ya chama yamo katika taarifa ya mhazini mliyogawiwa mlangoni, hivyo sitayarudia. Taarifa yangu inahusu jambo moja lililotawala vikao vyetu tangu Septemba, nalo ni mabadiliko ya masharti katika majukwaa ya kupangisha nyumba kwa wageni wa muda mfupi, hasa Airbnb inayotumiwa na wengi wetu, na namna wanachama walivyoyapokea.

Nieleze mapema ninavyoliona jambo hili ili anayetofautiana nami ajiandae kusema wakati wa majadiliano. Tumepaza sauti sana juu ya kamisheni, ambayo dawa yake ni hesabu, na tumekaa kimya kuhusu masharti ya kughairi nafasi, ambayo yanatuumiza sisi wa kusini kuliko wenzetu wa Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar.

Nianze na kamisheni kwa kuwa ndiyo iliyozua hasira. Kwa miaka mingi mwenyeji wa Airbnb, yaani mwenye nyumba, alikatwa takriban asilimia 3 ya bei yake, na mgeni akaongezewa ada ya huduma iliyokuwa kwa kawaida kama asilimia 14. Kuanzia tarehe 27 Oktoba 2025, wenyeji waliounganisha matangazo yao na programu za kusimamia nafasi walihamishiwa katika utaratibu wa ada moja, ambapo asilimia 15.5 yote inakatwa kwa mwenyeji, na mgeni haongezewi ada hiyo. Walioguswa miongoni mwetu ni wenye nyumba kadhaa, na wale wanaoitangaza nyumba moja katika majukwaa mawili au matatu kwa kutumia programu inayooanisha kalenda. Mwenye chumba cha uani anachokisimamia kwa simu yake hakuguswa, lakini hofu haikuchagua, na tulipokea ujumbe wa kutaka kufuta matangazo hata kutoka kwa watu ambao makato yao hayakubadilika hata senti moja.

Naomba tupige hesabu pamoja. Nyumba iliyotangazwa kwa shilingi 100,000 kwa usiku ilimwachia mwenyeji shilingi 97,000, na mgeni alilipa kama 114,000. Mwenyeji akiiacha bei ileile katika utaratibu mpya anabaki na 84,500, na hapo kilio chake ni cha haki. Akitaka kubaki na 97,000 zake, aigawe kwa 0.845, atapata takriban 114,800, na hiyo ndiyo bei ya kutangaza. Mgeni atalipa karibu kiasi kilekile alichokuwa akilipa mwanzo. Kosa ambalo katibu wetu amelikuta tena na tena alipopita kwa wanachama ni la kuongeza asilimia 15.5 juu ya 97,000. Ukifanya hivyo unapata 112,035, na baada ya kukatwa unabaki na 94,670 hivi, yaani unapoteza zaidi ya shilingi 2,300 kila usiku bila kujua zimeenda wapi, kwa sababu ada inakatwa kwenye bei anayolipa mgeni na si kwenye kile unachotaka kubaki nacho. Wenye punguzo la wiki au la mwezi warudi kuliangalia upya, kwani punguzo lililowekwa wakati wa asilimia 3 huenda sasa linawafanya wapangishe kwa hasara.

Mabadiliko hayo yalikuja wakati mgumu. Siku mbili baada ya tarehe 27 Oktoba ilikuwa siku ya Uchaguzi Mkuu, na intaneti ilikatika nchini kote kwa siku kadhaa. Wanachama waliokuwa hawajarekebisha bei walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, na maombi ya wageni yalikaa bila kujibiwa huku kiwango cha kujibu, kinachohesabiwa kwa majibu yanayotolewa ndani ya saa 24, kikishuka. Kwa anayewania hadhi ya mwenyeji bora hilo si dogo, kwani anatakiwa awe na kiwango cha kujibu cha asilimia 90, wastani wa alama 4.8 kati ya 5, na awe ameghairi chini ya asilimia 1 ya nafasi alizokubali. Tathmini hiyo hufanyika mara nne kwa mwaka, na wanaoguswa wajiandae kwa ile ya Januari wakiwa na kumbukumbu za siku hizo mkononi. Kamati inaandaa barua moja ya maelezo kwa Kiingereza ambayo kila mwanachama anaweza kuitumia.

Kuhusu kuonyesha bei kamili, yaani mgeni kuona tangu mwanzo jumla ya bei ya nyumba pamoja na ada zote kabla ya kodi, utaratibu ulioanza kutumika duniani kote mwezi Aprili 2025, wanachama kadhaa waliuita uonevu. Kwa heshima yote, sikubaliani nao. Mwenye nyumba aliyeonyesha shilingi 60,000 kwa usiku, kisha akaweka ada ya usafi ya shilingi 40,000, alikuwa akimvuta mgeni wa usiku mmoja kwa bei ambayo haikuwapo, na jirani yake aliyetangaza 90,000 bila ada yoyote alionekana ghali ingawa alikuwa nafuu. Walioumia na utaratibu wa zamani ni wale waliokuwa wakisema kweli. Namshauri kila mwanachama aingize gharama ya usafi katika bei ya usiku, au aiweke sawa na kile anacholipa kwa hakika kwa anayefua mashuka na kupiga deki.

Sasa nije kwenye kughairi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, mgeni anayeweka nafasi angalau siku 7 kabla ya kuwasili, kwa ukaaji usiofika usiku 28, ana saa 24 za kughairi na kurudishiwa fedha zote, hata kama mwenyeji amechagua masharti makali, yaani yanayombana mgeni anayeghairi. Katika hilo sioni madhara makubwa. Saa 24 zipite ndipo uagize samaki, ujaze simtanki na ununue mafuta ya jenereta. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba masharti makali tuliyoyazoea hayawezi tena kuchaguliwa kwa tangazo jipya, na wanachama wengi waliojiunga nasi mwaka huu wana matangazo mapya.

Majukwaa haya huamini kwamba nafasi iliyoachwa na mgeni mmoja itachukuliwa na mwingine. Jijini Dar es Salaam hilo ni kweli, lakini kwetu sivyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na hakuna mtu anayejikuta Mikindani jioni akitafuta pa kulala kwa kubahatisha. Wageni wetu huja kwa sababu maalumu: wanunuzi wa korosho kati ya Oktoba na Desemba, wahandisi wa gesi na saruji, watu wa bandarini, watafiti, familia zinazokuja arusini au matangani, na watalii wachache wanaokwenda Msimbati na hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, au wanaopitia Kilwa Kisiwani kuona magofu yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Wiki moja ya Agosti iliyokuwa imeshikwa, kisha ikaachwa zikiwa zimebaki siku chache, haipati mtu mwingine. Mwanachama mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, alimpokea mgeni kwenye kalenda yake kwa siku kumi za mwanzo wa msimu wa minada, akawakatalia wanunuzi wawili waliompigia simu, kisha mgeni yule akaghairi kwa kuwa ratiba yake ya ununuzi ilikuwa imebadilika. Nyumba ilikaa wazi siku zote kumi. Mgeni hakuvunja sharti lolote, nami simlaumu. Sharti ndilo halikuandikwa kwa kuifikiria Mtwara.

Wapo watakaokumbusha Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi wilayani Kilwa na wageni wakashindwa kufika. Tuwe waadilifu: mgeni aliyekwama njiani kwa mafuriko anastahili fedha zake. Tangu Juni 2024 upo utaratibu wa Airbnb unaohusu misukosuko mikubwa, ikiwamo majanga ya asili, unaomwezesha mgeni kurudishiwa fedha bila kujali masharti ya mwenyeji, na sitashawishika kwamba tuupinge. Tunachopaswa kudai ni uhuru wa kuweka masharti makali kwa miezi tunayojua kwamba nafasi ikipotea haifidiwi.

Baadhi ya wanachama wametafuta njia ya mkato. Wanamwambia mgeni aliyewapata kupitia jukwaa aghairi, kisha awalipe moja kwa moja kwa simu. Kamati inalikataa jambo hili, na mimi binafsi nalikataa kwa nguvu. Ni kinyume cha masharti tuliyoyakubali wenyewe, na akaunti inaweza kufungwa. Zaidi ya hapo, mwenye nyumba hupoteza kinga ya uharibifu, ambayo kwa Airbnb hufikia dola milioni 3 za Marekani na hudaiwa ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke, na mgeni naye hupoteza ulinzi wake. Anayekuja kwa njia yake mwenyewe, kwa mfano mnunuzi wa korosho aliyeelekezwa na mwenzake, huyo ni mgeni wako halali, mwandikie risiti na umwingize katika kitabu cha wageni. Tofauti hiyo tuiheshimu.

Suala la alama nalo limeleta simanzi isiyo ya lazima. Wageni wetu wa hapa nchini hutoa nyota 4 wakidhani wametusifu, maana shuleni nne kati ya tano ni alama nzuri, lakini kwa wastani wa 4.8 nyota 4 inakushusha. Tumeona pia malalamiko kuhusu kelele katika msimu wa jando na unyago, ngoma zinapokesha mtaani. Hatutawaomba majirani wanyamazishe shughuli zao kwa ajili ya mgeni wa siku tatu. Andikeni wazi katika tangazo kwamba katika miezi hiyo kuna ngoma za usiku, na mtashangaa ni wangapi watakaochagua kuja kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo kwa umeme na maji: aliyesoma kabla kwamba umeme hukatika na kwamba jenereta inawasha taa na feni bila kiyoyozi, hana cha kukushushia alama. Na kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina anwani inayoonekana vizuri kwenye ramani, mtindo wa mwenzetu wa Mikindani wa kumtuma dereva wa bajaji anayemwamini akiwa na jina la mgeni limeandikwa kwenye kipande cha boksi umewafaa wageni kuliko maelekezo marefu ya simu.

Nawakumbusha kwa ufupi kwamba kamera ndani ya nyumba zimepigwa marufuku katika Airbnb tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata kama ziko sebuleni na zimetajwa kwenye tangazo. Ambaye bado hajaitoa ya kwake aitoe wiki hii. Leseni ya biashara na kodi ya mapato ya pango ni wajibu wetu bila kujali fedha zimepitia jukwaa gani. Huduma mpya za wapishi, wakandaji na matembezi zilizotangazwa na Airbnb Mei 2025 hazijabadili chochote cha maana kwetu, ingawa vijana wa Mikindani wanaotembeza wageni mji mkongwe wanastahili kusaidiwa kuandaa maombi yao.

Kwa hayo, kamati inaleta mbele yenu mapendekezo matatu ili myajadili na kuyapigia kura. Kwanza, chama kiandike kwa majukwaa yote tunayoyatumia kuomba kwamba mwenyeji wa eneo lenye wageni wachache na msimu mfupi aruhusiwe kuweka masharti makali ya kughairi kwa miezi anayoichagua, na barua hiyo iambatane na kumbukumbu za nafasi zilizoachwa, ambazo kila mwanachama atazikabidhi kwa katibu kabla ya mwisho wa Februari. Pili, katibu na mhazini wafanye mafunzo ya siku moja Lindi na siku moja Mtwara kuhusu hesabu ya bei, na kila mwanachama aje na simu yake pamoja na bei zake zote zikiwamo za punguzo. Tatu, tuanzishe orodha ya pamoja ya nyumba zilizo wazi, ili mwanachama aliyejaa ampeleke mgeni kwa mwenzake badala ya kumwacha aende bila msaada, na aliyeachiwa nafasi dakika za mwisho apate pa kuitangaza siku hiyohiyo. Pendekezo hili la tatu halihitaji ruhusa ya mtu yeyote nje ya chumba hiki, na naomba lianze kutumika kesho mkiliridhia.

Naomba kuwasilisha.