Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mlima Uliogeuka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wachoraji na wabunifu wa nembo na mabango Moshi,

Karibuni, na poleni na vumbi la barabarani. Nitaanza na jambo lililonitia aibu mwaka huu, maana nikiliweka mwisho mtakuwa mmeshaanza kuchungulia chupa za chai.

Nilipewa kazi na chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huku juu: mfuko wa kahawa ya kukaanga, gramu 250. Mnajua kahawa yetu imezoea kuondoka Moshi ndani ya gunia, ikakaangwe na kupewa jina huko iendako, kwa hiyo kazi ya namna hiyo ukiipata unashukuru. Nikafanya tunavyofanya wote. Nikaingia mtandaoni, nikatafuta Kilimanjaro, nikachagua picha kali, nikachora juu yake, nikaweka rangi ya udongo na jani la mgomba pembeni. Viongozi wakapenda. Mifuko 2,000 ikachapwa.

Siku ya kukabidhi, bibi mmoja mwanachama akaushika mfuko, akausogeza mbali na macho, akauliza, "Mwanangu, huu mlima ni wa wapi?"

Nikacheka. "Bibi, si Kibo hii?"

Asubuhi hiyo mlima ulikuwa umefunguka, vilele vya Kibo na Mawenzi vikionekana wazi. Akanionyesha mlangoni kwa kidevu. "Kibo ile kushoto. Mawenzi ile kulia. Wewe Mawenzi umeiweka kushoto. Huu ni mlima wa watu wa upande wa pili."

Bibi hakukosea. Picha nyingi za Kilimanjaro zilizozagaa mtandaoni zimepigwa kutoka Amboseli, Kenya, tembo wakikatiza mbele. Aliyesimama kule anatazama kusini, hivyo Mawenzi inamjia mkono wa kushoto. Sisi wa Moshi tunatazama kaskazini. Nimezaliwa chini ya mlima huu, nimeamka nao miaka zaidi ya arobaini, na nilipotakiwa kuuchora nikaenda kuuazima kwa jirani. Mwenyekiti wa wakulima alinihurumia, akasema mifuko ile ipelekwe Dar, kule hakuna atakayejua. Toleo la pili nimelichora mwenyewe kwa penseli nikiwa kwenye baraza la ofisi yao. Nilipanda asubuhi tatu, mbili zote mawingu.

Tangu hapo nikitoka Double Road kwenda stendi macho yangu yako kwenye mabango. Mlima uko kwenye hoteli, kwenye kampuni za kupandisha wageni, kwenye saluni, hata kwa fundi wa redieta. Sehemu yake ni kazi za mikono yetu humu ndani. Najiuliza mteja alitwambia nini hadi tukamchorea mlima, na mara nyingi nadhani jibu ni kwamba hatukumuuliza chochote.

Hapa ndipo naliona lile lalamiko letu la kila kikao, la bei. Mtu anakuja na elfu kumi na tano anataka nembo jioni. "Bosi, hii si kazi ya dakika tano tu?" Tunakasirika, lakini tukiketi kwenye kiti, tukafungua programu na kushusha kiolezo, kweli ni kazi ya dakika tano, na mwenye simu anaweza kuifanya mwenyewe. Sasa kuna na akili mnemba. Nimeijaribu: niliiomba Kilimanjaro, ikaniletea tembo. Mteja asilipie mlima ambao mashine inautoa bure. Alipie ile siku uliyokaa dukani kwake ukaona wateja wanaitaje bidhaa yake, wanaibeba na nini, wanaisoma wakiwa wamesimama wapi.

Hilo la kusimama tumefundishwa na mzee wetu wa mabango ya brashi, aliyetupa Jumamosi nne bila malipo pale Majengo. Vijana walikuja na kompyuta mpakato, yeye akaja na kamba iliyopakwa chaki. Akaishikiza ukutani ncha mbili, akaivuta katikati kwa vidole viwili, akaiachia: mstari mnyoofu, pa! Kabla ya kugusa rangi akawavusha wote barabara, wakasimame kwenye kituo cha daladala. "Mteja wako yuko hapa," akasema, "na jua liko machoni pake." Herufi walizokuwa wamezipanga zikaonekana kama nyuzi. Mmoja wao amefuta fonti nusu ya alizokuwa nazo, ingawa kwa maoni yangu bado amebakiza nyingi.

Kuhusu haki zetu. Mei 2017 alifariki mzee Francis Maige Kanyasu, tuliyemjua kwa jina la Ngosha, akiamini hadi mwisho kwamba Ngao ya Taifa ameichora yeye. Wapo waliobisha. Mimi siamui ugomvi huo, ila natazama kilichouleta: mchoro umeenea nchi nzima na mchoraji anabaki kujieleza. Ilhali kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, zimeandikwa "Mali ya Abdulla" kwenye nguo yenyewe, na mwanamke dukani huyatafuta maandishi hayo kabla ya kuuliza bei. Hakimiliki kwa sheria yetu ya 1999 inazaliwa na kazi yenyewe, lakini siku ya kesi utaulizwa ushahidi, kwa hiyo hifadhini michoro ya mwanzo yenye tarehe na mwende Ofisi ya Hakimiliki. Wateja wenu waambieni wasajili alama zao za biashara BRELA, kwa wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Anayeuza na Zanzibar asajili na kule, kwa sababu usajili wa Bara hauvuki maji.

Mwenzetu mmoja alitoa michoro mitano kwa hoteli moja ya hapa, akaambiwa haijapendwa, na baadaye akaukuta wa tatu umebandikwa getini. Hakuwa na karatasi hata moja. Kamati imeandaa mkataba wa ukurasa mmoja: malipo ya awali nusu, marekebisho mara mbili, na faili la kazi linatolewa baada ya salio kuingia. Uchukueni kwa katibu.

Ada: wengi mnadaiwa, nanyi mnajijua. Kadi za michango, send-off na kipaimara za Desemba, wenzetu wanaporudi nyumbani kutoka kila kona, ndizo zilizotulisha tena. Tusizidharau. Na wanaopiga hesabu ya fulana za AFCON 2027 kwa ajili ya Arusha, nembo ya mashindano ina mwenyewe. Chapeni majina ya mitaa yenu.

Mtunza hazina atasoma mapato na matumizi. Mfuko wenyewe wa mlima uliogeuka nimeuleta, uko mezani karibu na vikombe. Kahawa ya ndani mnaweza kunywa, haina makosa.