Michezo ya simu iwaandae watoto kabla ya upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakuu wa hospitali zetu, hasa wenye dhamana ya upasuaji wa watoto wadogo.

Mwaka jana mwanangu wa miaka mitano alifanyiwa upasuaji wa mafindofindo. Kwa kuwa sikujua nimweleze nini, nilimdanganya kwamba tunakwenda kumsalimia shangazi yake, na uongo huo ulidumu mpaka alipojikuta kitandani, amezungukwa na watu waliofunika nyuso, akisogezewa barakoa ya kuvuta dawa ya usingizi. Alilia akiniita, nami nimezuiwa mlangoni. Kwa wiki kadhaa alikuwa akishtuka usiku, na hadi leo safari ya kwa shangazi haitaki.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba wenzetu walikwishalishughulikia jambo hili. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa watoto 112 wa miaka 4 hadi 12, wote wakisindikizwa na wazazi: hofu ya waliokuwa wakicheza mchezo wa video wa mkononi haikupanda wakati wa kulazwa usingizi, ilhali ya wenzao ilipanda, hata ya wale waliokunywa dawa ya kutuliza. Nchini Uingereza ipo programu ya simu iitwayo Little Journey, iliyobuniwa na daktari wa usingizi, ambayo humtembeza mtoto katika vyumba vya hospitali akiwa bado nyumbani.

Kwa maoni yangu njia hii ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi, kwani ile ya kwanza humsahaulisha mtoto tu, wakati hii humwambia ukweli kwa lugha anayoielewa. Wataalamu wetu wa kompyuta wanaweza kutengeneza mchezo wa Kiswahili, usiohitaji bando kila unapofunguliwa, unaoonyesha wodi kama zilivyo kwetu, kanula, yaani kijibomba cha kupitishia dawa, inavyowekwa mkononi, na sababu ya mtoto kunyimwa uji asubuhi ile. Kwa familia zisizo na simu janja, kishikwambi kimoja mikononi mwa muuguzi wa wodi kingetosha, mradi kifutwe kwa dawa kila kinapobadilisha mikono.

Ninaomba pia mtoto anayeingia na mchezo wake asinyang'anywe mlangoni, bali aachiwe mpaka usingizi umchukue.

Mama wa watoto wawili,
Morogoro