Mafuta ya kusukutua sawa, ila msituachishe mswaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako hili jambo lisipite hivihivi. Mimi nauza mafuta ya alizeti hapa soko la Majengo, Dodoma, yale yanayokamuliwa huku huku kwetu, ya Kibaigwa na mengine ya Singida, na siku hizi wateja wanayaulizia sio kwa ajili ya kupikia bali ya kusukutulia mdomo. Mtu anakuja na kichupa cha maji anataka umpimie robo, ukimuuliza anakwambia jino linamuuma na ameambiwa akisukutua asubuhi litapona lenyewe wala asihangaike na hospitali. Hapo ndipo tunapokosana, hata kama hela yake naitaka.

Sisemi kusukutua mafuta ni uzushi. Wahindi wamefanya hivyo karne na karne kwenye tiba yao ya Ayurveda, wao hasa wanatumia ya ufuta, wengine ya nazi. Unachukua kijiko kimoja cha chakula kabla hujala kitu, unazungusha taratibu mdomoni dakika 15 mpaka 20, humezi, unatema kwenye karatasi au takataka maana ukitema kwenye sinki kila siku bomba litaziba. Kuna tafiti ndogondogo zilizoona bakteria wa mdomoni wanapungua kidogo na fizi zinatulia, lakini chama cha madaktari wa meno cha Marekani kinasema ushahidi hautoshi na hakipendekezi watu kutegemea hiyo. Kwa hiyo anayependa afanye, mdomo unabaki laini, na mwenye mdomo mkavu anapata unafuu, mimi sina tatizo nae kabisa.

Tatizo langu ni hawa wanaopita na spika stendi na minadani wanauza vichupa vya mafuta wanaita dawa ya meno ya asili. Wana mtego mmoja nimeushuhudia kwa macho yangu: anampa mtu asukutue pale pale mbele za watu, akitema mafuta yametoka meupe kama maziwa, jamaa anapiga kelele haya oneni sumu hiyo imetoka kwenye meno! Jamani ule weupe sio sumu, ni mafuta yamechanganyika na mate basi, hata aliyetoka kupiga mswaki sasa hivi akisukutua yatatoka meupe vilevile. Lakini watu wanaamini na wanatoa hela zao.

Jino likishatoboka halizibwi na mafuta, ya alizeti wala ya kitu gani. Bakteria wanakula sukari tunayokula, wanatengeneza asidi, asidi inakula jino mpaka linaingia tundu, na tundu halijifuti. Kuna mama ni mteja wangu alisukutua wiki nyingi kwa ushauri wa muuzaji mmoja wa hivyo vichupa, amekuja hapa kwangu shavu limevimba jicho limeanza kufunga, hawezi kufungua mdomo vizuri, bado anataka nimpimie mengine. Nilikataa nikamtafutia bajaji ya kwenda hospitali. Usaha wa jino ukishuka shingoni unabana koo mtu anashindwa kupumua, watu wanakufa kwa jino, msichukulie poa.

Na kinachoniuma zaidi wanawaambia watu waache na mswaki. Wazee wetu huku Ugogoni walikuwa na miti yao ya kutafuna, mti wa mswaki wenyewe unaota sana kwenye hizi nchi kavu na ni mzuri kwelikweli, lakini ule ulikuwa unasugua, unatoa ugaga, mafuta hayasugui kitu. Piga mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi, kwenye tyubu angalia kipimo cha hiyo floraidi kiwe 1000 mpaka 1500 ppm, alafu kama unataka mafuta yako ongeza hapo.

Mwingine ananiambia anataka kutoa rangi ya kahawia kwenye meno ya mwanae. Wale waliokulia Singida, Manyara na Arusha wanajua hiyo habari, ni floraidi nyingi kwenye maji ya baadhi ya visima, inaingia kwenye jino wakati bado linajitengeneza ndani ya fizi mtoto akiwa mdogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo miligramu 1.5 kwa lita. Rangi ile imo ndani ya jino lenyewe, usukutue mwaka mzima haitoki, cha maana ni kubadilisha maji ya kunywa ya wadogo zake.

Karafuu nayo msiichezee. Mafuta ya karafuu yanatuliza jino kweli, hata madaktari wa meno wanatumia kitu cha karafuu kwenye dawa ya kuziba kwa muda, ila ni makali, yanaunguza fizi, na mtoto akimeza hata kidogo yanaweza kumharibu ini. Nimeona yanauzwa kwenye chupa za soda bila lebo!

Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake la kusajili waganga na dawa zao, basi hawa wa spika waulizwe usajili wao uko wapi, tena huko huko minadani sio ofisini. Na wewe Mhariri kwenye ukurasa wako wa afya tafuta daktari wa meno aandike, aanze na watoto wadogo, maana nasikia kuna wazazi wanawasukutulisha mafuta watoto wa miaka mitatu ambao hata kutema hawajajua, na mafuta yakipita njia ya hewa yanaleta nimonia mbaya.

Muuza mafuta,
Majengo, Dodoma