Risala ya Kamati ya Maktaba kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kumkumbuka Dkt. Ganda Singh

Mheshimiwa mgeni wa heshima, wazee wetu wa gurdwara (hekalu letu sisi Wasikh), walimu, wazazi, vijana na majirani zetu wote mliofika: Waheguru Ji Ka Khalsa, Waheguru Ji Ki Fateh. Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Tunakushukuru, mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi hapa Kisumu. Karibu sana.

Tunayemkumbuka leo, Dkt. Ganda Singh, mwanahistoria wa Wasikh, alizaliwa Novemba 1900 katika mji wa Hariana, wilaya ya Hoshiarpur, Punjab, nchini India. Akiwa kijana aliingia jeshini, kisha akafanya kazi ya hesabu katika kampuni ya mafuta kule Abadan, Uajemi. Mwaka 1931 chuo cha Khalsa cha Amritsar kilimkabidhi idara ya utafiti wa historia yetu. Kiajemi alikijua barabara, na hicho ndicho kilichokuwa ufunguo wake: alizisoma kumbukumbu zilizoandikwa kwa lugha hiyo na makarani wa Wamughal, watawala wa India wa zamani, watu waliotuona sisi kuwa waasi, akatoa humo ushahidi wa mambo yaliyokuwa yakisimuliwa kwa mdomo tu. Mwaka 1935 alitoa kitabu cha maisha ya Banda Singh Bahadur, jemadari aliyeuawa Delhi mwaka 1716. Mwaka 1959 kikafuata cha Ahmad Shah Durrani, mfalme wa Waafghani. Aliongoza hifadhi ya nyaraka Patiala, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Punjabi, na alifariki Desemba 1987. Pale chuoni ipo maktaba yenye jina lake.

Mheshimiwa, sisi ni wajukuu wa mafundi waliokuja na reli kati ya 1896 na 1901, wale ambao wenyeji waliwaita Makalasinga. Tumefuata nyayo za Dkt. Ganda Singh kwa uwezo wetu. Tulianza na sanduku moja la bati chini ya ngazi. Leo tuna vitabu 340, picha za wazee wetu, na madaftari 27 ya karakana za zamani. Shule sita zimekuja kujionea. Tunathubutu kusema kwamba hakuna mkusanyo kama huu katika mji huu mzima.

Mheshimiwa, mkusanyo huo unanyeshewa.

Paa la chumba chetu limetoboka upande wa ziwa. Aprili iliyopita mvua ilipiga usiku kucha, na asubuhi tulikuta maji yamejaa kwenye rafu ya madaftari. Daftari moja ni la fundi wa mikokoteni. Aliandika kwa Gurmukhi, herufi za Kipunjabi, lakini maneno yenyewe ni Kiswahili: mbao, gurudumu, deni, kesho. Wino wake wa zambarau ulikuwa umetiririka hadi pembeni mwa karatasi. Tulilikausha siku nne, ukurasa kwa ukurasa, kwa magazeti na feni ya kuazima. Kurasa 14 ziligandana na hatukuthubutu kuzibandua. Nani alimlipa fundi yule, na nani alikufa na deni lake, hatutajua tena. Mzee wetu mmoja, ambaye anaamini mwandiko ule ni wa babu yake, alisimama mlangoni akatazama bila kusema neno, kisha akaenda zake.

Haya si mapya kwa waliotangulia kuketi kwenye kiti hicho, mheshimiwa. Mgeni wetu wa kwanza aliahidi mabati mbele ya ukumbi huu. Akina mama wakapiga vigelegele na picha ikapigwa. Picha tunayo bado. Wa pili alituma vijana na futi, wakapima paa kwa saa nzima, wakaondoka na vipimo. Wa tatu alituomba tuandike barua. Tumeandika barua tano, na kila tulipofuatilia tuliambiwa faili iko mezani. Tunawaheshimu wote watatu na tunawaombea heri. Ila misimu ya mvua haikuwasubiri.

Juni 1984, jeshi la India liliposhambulia eneo la Hekalu la Dhahabu kule Amritsar, maktaba ya marejeo iliyokuwamo iliteketea, na miswada ya mkono isiyo na nakala ikapotea. Dkt. Ganda Singh alikuwa hai. Hasara ile ililetwa na bunduki, na hakuna mwanakamati angeweza kuizuia. Hii yetu yazuiwa na bati.

Kwa hiyo, mheshimiwa, ombi letu ni moja tu, wala hatutalichanganya na mengine. Tunaomba mabati 48 ya geji 28, mbao na misumari yake, na kabati mbili za chuma zenye kufuli. Makadirio ya fundi tumeyaambatanisha, yametiwa sahihi. Wanachama wamechanga shilingi 86,000 na risiti zipo. Mafundi wetu watapaua bila malipo.

Kama utalikubali ombi hili, tunakuomba kwa unyenyekevu ututajie tarehe leo hii, kabla ya chakula, ili katibu aiandike. Kama haliko ndani ya uwezo wako, tutashukuru vilevile kuambiwa, tupate kubisha hodi kwingine kabla ya mvua za vuli.

Baada ya langar, chakula chetu cha pamoja, tutakuomba uingie chumbani ulione daftari lenyewe. Liko juu ya meza, karibu na ndoo.

Ni sisi wako,
Kamati ya Maktaba