Wifi, Mpe Kim Caldwell Muda: barua ya wazi kuhusu kocha wa Lady Vols

Wifi yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia nimeusikiliza mpaka mwisho, kisha nikaurudia. Unasema Kim Caldwell, kocha wa Lady Vols, timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee hapa Marekani, hatoshi. Unasema timu iliyojengwa na Pat Summitt lazima ifundishwe na binti aliyelelewa na Pat Summitt, na kwamba mgeni hawezi kuijua Tennessee. Ningeweza kukujibu kule kule, lakini kila ninapokwenda hapa Knoxville, iwe saluni, kanisani au kwenye foleni ya kuingia uwanjani, nakuta watu wanasema hivyo hivyo kwa uchungu ule ule. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, na wao wasome.

Kuhusu Pat hatubishani. Alikabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22, kwa mshahara wa dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe. Gari la kusafirishia timu aliliendesha mwenyewe. Baadhi ya wachezaji wake alikuwa amewazidi mwaka mmoja tu. Alikaa kwenye benchi lile misimu 38, akaachia ngazi mwaka 2012 akiwa na ushindi wa mechi 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8, baada ya ugonjwa wa Alzheimer kumpata mapema mno. Alifariki Juni 2016, miaka 64 tu. Na kila mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini ya Pat aliondoka na shahada. Hilo la shahada ndilo linaloniliza mimi kuliko makombe.

Lakini rudi kwenye mwanzo wake, wifi, uutazame vizuri. Mechi yake ya kwanza kabisa alifungwa na Mercer, 84 kwa 83. Ubingwa wa kwanza aliupata mwaka 1987. Kutoka 1974 mpaka 1987 hesabu mwenyewe. Najua utaniambia kwamba katikati hapo alikuwa akiingia kwenye timu nne bora za taifa, na ni kweli, aliingia mara nyingi. Ila alikuwa anafika mlangoni na kurudi mikono mitupu, msimu baada ya msimu, na chuo hakikumwondoa. Kama mtu angetuma ujumbe wa sauti kama wako mwaka 1984, na wakubwa wakamsikiliza, yale makombe yote yasingekuwepo.

Umeshika sana hili la mechi 10 tulizopoteza msimu wa kwanza wa Caldwell, 2024 hadi 2025. Tulimaliza na ushindi 24 na vipigo 10, na wewe unasema Tennessee haijazoea kupigwa mara 10. Msimu wa 1996 hadi 1997 Tennessee ilipoteza mechi 10 vile vile. Watu walilalamika. Machi ilipofika, wakati wa mashindano ya taifa, timu ile ile ikachukua ubingwa, na mwaka uliofuata ikacheza mechi 39 bila kufungwa hata moja. Sisemi kwamba vipigo 10 ni dalili ya kombe. Nasema tu kwamba namba hiyo unayoipiga kelele Pat naye aliibeba, na hatukumwita mgeni.

Sasa tuje kwenye mtoto wa nyumbani. Huyo unayemtaka tulikuwa naye, tena si mmoja.

Holly Warlick alicheza chini ya Pat, akakaa naye kama msaidizi kwa miaka 27, akampokea kijiti mwaka 2012. Alitufikisha robo fainali mara 3. Machi 2019 akafukuzwa, akiwa na ushindi 172 na vipigo 67. Akaja Kellie Harper, yule Kellie Jolly aliyekuwa anaongoza mashambulizi wakati wa makombe matatu mfululizo, 1996, 1997 na 1998. Unataka mtoto wa nyumbani kuliko huyo umtoe wapi? Alituingiza 16 bora mara 2. Aprili 1, 2024 naye akaonyeshwa mlango, ushindi 108, vipigo 52. Mwaka 2025 Missouri walimchukua, akaingia kwenye ligi yetu hii hii ya SEC amevaa rangi za watu wengine.

Mimi niliumia Harper alipoondolewa, na sijaacha kuumia. Kwa miaka yote mitano nilikuwa naiona ile adhabu aliyokuwa anatumikia. Mgeni akifungwa, watu wanasema mbinu zimekosea. Harper akifungwa, watu waliinua macho kwenye bendera za ubingwa zinazoning'inia juu, wakatikisa vichwa, kama vile amemwangusha mama yake mzazi. Hakuhukumiwa kwa timu aliyokuwa nayo. Alihukumiwa kwa timu aliyowahi kuichezea akiwa na miaka 20. Warlick hali kadhalika. Kwa hiyo unaponiambia tutafute binti mwingine wa Pat tumkalishe kwenye kiti kile, mimi namwonea huruma huyo binti kabla hata jina lake halijatajwa.

Na tazama waliotupita. Geno Auriemma alizaliwa Italia, akakulia Pennsylvania, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) mwaka 1985 kuchukua timu ambayo katika historia yake yote ilikuwa imewahi kumaliza msimu mmoja tu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hakuna aliyemlea pale. Kufikia 2025 alikuwa na ubingwa mara 12. Dawn Staley ni mtoto wa Philadelphia, alichezea Virginia, na ni sisi tuliompiga kwenye fainali ya 1991, 70 kwa 67, baada ya muda wa nyongeza. Alipofika South Carolina mwaka 2008, msimu wake wa kwanza alishinda mechi 10, akapoteza 18. Kumi na nane, wifi! Ubingwa wa kwanza ulikuja 2017, kisha 2022, kisha 2024. Leo akitokea mtu pale Columbia, mji wa chuo hicho, akasema Dawn si wa nyumbani, watamshangaa. Alikuwa mgeni. Walimpa muda, akawa wa nyumbani.

Sitakuficha mfano unaokupa nguvu wewe. Louisiana Tech ilikuwa na jina kubwa kama letu, mabingwa wa NCAA, yaani mashindano ya taifa ya vyuo, mwaka 1982 na 1988. Kim Mulkey alicheza pale, akawa msaidizi pale kwa miaka 15. Mwaka 2000 kiti kilipokuwa wazi, wote walijua ni chake. Aliomba mkataba wa miaka 5. Chuo hakikukubali. Akafungasha mizigo kwenda Baylor, timu iliyokuwa hoi, akaipa ubingwa mara 3, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU) akachukua mwingine mwaka 2023. Louisiana Tech haijaingia tena timu nne bora. Naam, pale mtoto wa nyumbani angefaa. Lakini kilichovunja mambo ni nini? Hawakumkatalia damu yake. Walimkatalia miaka. Na wewe hicho ndicho unachotaka tumnyime Caldwell.

Nadhani hujamtazama anavyofundisha, kwa sababu mechi nyingi unazifuata kwa matokeo ya simu ukiwa kazini. Njoo ukae na mimi kule juu kwenye uwanja wetu wa Thompson-Boling. Caldwell hachezi na watano waliozoeleka. Wanaingia watano, wanakimbia dakika chache tu kama wanafukuzwa na moto, kisha wanatoka wote kwa mpigo na watano wengine wanaingia. Mpinzani akitoa mpira chini ya kikapu chake mwenyewe anakutana na mikono. Hapewi nafasi ya kutembea nao hadi katikati ya uwanja, anakabwa urefu wote. Waliotoka utawaona wamejiinamia, taulo kichwani, wanahema, na kabla hawajamaliza maji wanaitwa tena. Ukiwa umezoea kikapu cha Pat cha ulinzi mgumu na kugombea kila mpira unaorudi kwenye ubao, mwanzoni utaona ni fujo. Ni hesabu. Anataka mpinzani arushe pasi mbaya nyingi, na anataka timu yake ipige mitupo mingi kuliko yako, hasa ya pointi tatu.

Mbinu hiyo hakuiokota Knoxville. Aliitumia Glenville State, chuo kidogo cha West Virginia, akachukua nayo ubingwa wa daraja la pili mwaka 2022. Akaenda Chuo Kikuu cha Marshall msimu mmoja tu, akashinda mechi 26, akapoteza 7, akabeba ligi ya Sun Belt. Watu walisema kwa timu kubwa haitafanya kazi. Februari 6, 2025, UConn walikuja hapa. Tulikuwa hatujawafunga tangu 2007. Tulishinda 80 kwa 76, na hao hao UConn wakaenda kuchukua ubingwa wa taifa mwezi wa nne. Mimi usiku ule nilikuwa kule juu, na mbele yangu walikaa wazee wawili wamevaa ile buluu nyepesi ya Lady Vols, mume na mke, tangu mwanzo wamekaa kimya wamefunga mikono. Filimbi ya mwisho ilipolia, yule mama alikuwa amesimama juu ya kiti.

Halafu kuna jambo la Januari 2025, ambalo nashangaa wewe mwanamke mwenzangu hukulitaja hata kwa sekunde moja. Caldwell alijifungua tarehe 20. Alikosa mechi moja. Siku saba tu baada ya kujifungua alikuwa kwenye benchi dhidi ya South Carolina. Sisemi kila mama afanye hivyo, na mimi ningetamani angepumzika zaidi, maana najua mwili wa mzazi ulivyo juma la kwanza. Lakini usiniambie mtu huyo haijui roho ya Tennessee. Pat mwenyewe, mwaka 1990, uchungu ulimshika akiwa Pennsylvania nyumbani kwa binti mmoja anamshawishi aje kuichezea timu yetu. Akapanda ndege, akagoma isitue popote njiani, mpaka Knoxville, mtoto wake azaliwe Tennessee. Binti yule alianza kwanza chuo kingine, kisha akaja kwetu, na mwaka 1996 akawa mchezaji bora wa fainali.

Yapo ninayomlaumu Caldwell, na sitayafunika. Januari ile ile tulifungwa na Oklahoma kwa pointi 1, na LSU kwa pointi 2, na Vanderbilt kwa pointi 1. Kufungwa na Vanderbilt, majirani zetu wa Nashville, kuliniuma siku nzima. Mechi zikibana dakika za mwisho timu inasahau inachotaka, mpira unarushwa kutoka mbali bila mpango, na kukaba uwanja mzima kunageuka kuwa mlango wazi kwa mwenye mkono mtulivu. Texas walituonyesha hivyo kwenye 16 bora za mashindano ya taifa, wakatutoa 67 kwa 59. Hayo ni makosa ya kocha. Lakini yalikuwa ya kocha wa msimu wa kwanza, na yanarekebishika kwa mazoezi.

Tena kazi yenyewe si ile ya zamani. Pat alikuwa akimchukua binti wa miaka 18 na kumlea miaka minne. Siku hizi mchezaji akinuna mwezi wa tatu, mwezi wa nne yuko chuo kingine, na kuna fedha mezani kila mahali. Kocha anajenga timu upya kila mwaka. Ukimwondoa kocha leo, nusu ya wachezaji wanaondoka naye au wanatawanyika, na anayekuja anaanza na viti vitupu. Sisi tuliokulia na Simba na Yanga tumeona makocha wakibadilishwa hata katikati ya msimu. Kikapu cha chuo hakivumilii hivyo, kwa sababu wanaoumia ni mabinti wenye mitihani.

Na hapa nakugusa penyewe. Binti yako ni mrefu, anacheza vizuri, na mwakani makocha wataanza kupiga simu nyumbani kwenu. Mimi kama shangazi yake nataka aende kwa kocha ambaye chuo kimemwahidi miaka, si kwa mtu anayelala akisubiri kufukuzwa. Nataka kocha anayemchezesha kila mtu kwenye benchi, maana kwa Caldwell hakuna wa kukaa msimu mzima kuchangamsha wenzake kwa makofi. Na nataka atoke na shahada. Ukimpata kocha wa aina hiyo utamuuliza kwanza alichezea chuo gani?

Nipe mpaka mwisho wa msimu wa 3 wa Caldwell. Kama wakati huo bado tunatoa zawadi mechi za pointi 1, kama bado Vanderbilt wanatucheka, mimi mwenyewe nitakupigia simu tukae na kaka tujadili majina. Uje na majina kamili, ya watu walio hai na wanaofundisha, na tuyapime kwa kazi yao. Kwa sasa, tiketi ya mechi ya kwanza ya nyumbani nimeshakuwekea. Mlete na binti.

Wifi yako,
Knoxville