Mtoto anacheua, hatapiki

Mhariri,

Makala yenu kuhusu afya ya watoto wachanga imeniacha na neno kooni. Mwandishi ameeleza vizuri kwa nini maziwa humrudi mtoto: mlango ulio kati ya umio na tumbo haujakaza bado, na kwa wengi hali hiyo huisha yenyewe wakikaribia kutimiza mwaka. Lakini ameiita "kutapika" mwanzo hadi mwisho.

Binti yangu aliisoma, akanipigia simu usiku akitaka kumkimbiza mwanawe hospitali. Ananyonya? Ananyonya. Uzito unaongezeka? Unaongezeka. Maziwa yanaruka kwa nguvu? La, yanachuruzika tu, na mwenyewe anacheka.

"Basi, mama, huyo anacheua. Ulimcheulisha baada ya kunyonya?"

Kimya.

Nimekuwa bwana mifugo miaka 30. Ng'ombe humeza majani harakaharaka, kisha hulala kivulini akayarudisha kinywani tonge kwa tonge na kuyatafuna upya, saa saba nane kwa siku. Sijasikia mfugaji akisema ng'ombe huyo anatapika. Akiacha kucheua ndipo tunapoitwa. Watafsiri wa Biblia nao hawakuhangaika: katika Walawi 11, ngamia hucheua, nguruwe hacheui.

Nadhani kilichomtatiza mwandishi ni "regurgitation", neno la Kiingereza la kurudisha kilichomezwa. Asili yake ni Kilatini, gurges, maji yanayozunguka kwa kasi na kuvuta vitu chini. Ukitanguliza re-, yanarudi yalikotoka. Kwa hiyo madaktari wa moyo hulitumia pia damu inaporudi nyuma kwenye valvu isiyofunga sawasawa. Hapo sitawaomba mseme moyo unacheua. Valvu inavuja, yatosha. Waingereza humsema hivyo hata mwanafunzi anayerudisha maneno ya mwalimu kama alivyoyapokea. Sisi husema amekariri, na tuliache hivyo hivyo, maana kumwita mcheuaji ni kumsifu: ng'ombe hurudisha ili atafune.

Naomba toleo lijalo mliweke sawa lile sanduku la dalili za hatari. Kutapika kwa nguvu kila anyonyapo, matapishi ya kijani au yenye damu, mtoto kukataa ziwa: hayo ni ya hospitali. Kwa kucheua, kitambaa begani kinatosha.

Bwana mifugo mstaafu,
Iringa